Kenge mchanga si paka: Mpe wadudu, wacha panya

Bila shaka umeziona zile video. Kenge mdogo, hajafika hata urefu wa rula, amewekwa ndani ya sanduku la kioo. Mkono unashuka na panya mweupe. Kenge anaruka, anammeza mzima mzima, na huko chini watu wanamwaga emoji za moto. Baada ya dakika mbili anapewa wa pili. Anameza. Wa tatu. Anameza pia.

Wewe unaona mnyama mwenye hamu ya kula. Mimi siku hizi nikiona hiyo video naangalia tumbo, naangalia mkia ulivyonona, halafu naanza kuhesabu miezi aliyobakisha.

Lakini kabla twende mbali tuelewane, usije ukasema ni mimi nilikutuma. Hapa Kenya kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kumfuga kwa nyumba bila kibali cha KWS. Usijidanganye ati serikali inajali ndovu na faru peke yao. Mei 2025, mahakama ya JKIA iliwapiga faini ya Sh1 milioni kila mmoja vijana wawili Wabelgiji, raia mmoja wa Vietnam na Mkenya mmoja kwa sababu ya sisimizi. Ndiyo, sisimizi. Walikuwa na maelfu ya malkia wa sisimizi, wakitaka kuwauza ng'ambo kwa watu wanaowafuga. Sasa kama sisimizi anakupeleka kortini, kenge atakupeleka wapi?

Basi makala haya ni ya nani? Ni yako wewe uliye ughaibuni, mahali ambapo sheria inaruhusu. Ni yako wewe unayesubiri viza. Na ni yako wewe ambaye, kama mimi, una jamaa huko anayekupigia video usiku wa manane kukuonyesha mnyama.

Binamu yangu anaishi Dallas, Marekani. Mwaka jana alienda maonyesho ya wanyama watambaao akarudi na kenge mchanga. Akamwita Mheshimiwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kula na kulala. Mimi nilicheka sana kwanza. Mtoto wa Afrika anapanda ndege hadi Texas, anafika huko, anauziwa mnyama wa Afrika. Halafu muuzaji, Mzungu wa watu, ndiye anamfundisha jinsi ya kumlisha: panya kila siku, na chakula cha mbwa cha mkebe siku ambayo panya wameisha.

Mheshimiwa ni kenge wa savana, wale wanasayansi wanaowaita Varanus exanthematicus. Si yule wa mtoni na ziwani ambaye sisi tunamjua, yule mwenye madoa ya manjano anayekula kaa, samaki na mayai ya mamba. Huyu wa savana anapatikana kuanzia Senegal akienda mashariki, na wengi wanaouzwa Marekani na Ulaya wanatoka Ghana, Togo na Benin. Wanasafirishwa kwa maelfu. Yuko katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, maana yake biashara inaruhusiwa lakini kwa karatasi. Bei ya mtoto ni ya chini, mara nyingi chini ya dola 100, na hapo ndipo shida inaanzia. Kitu cha bei rahisi watu hawakisomei.

Sasa swali la maana: huyu mtoto wa kenge, akiwa kwao Ghana, anakula nini?

Kuna mtafiti anaitwa Daniel Bennett aliyewafuatilia huko Ghana kwa miaka, mashambani, akiangalia wanalala wapi na wanakula nini. Pamoja na Ravi Thakoordyal alitoa kitabu kizima kuhusu kenge hawa mwaka 2003. Jambo lililomgusa binamu yangu zaidi ni hili: watoto wa kenge wanaishi kwenye mashimo ya nyenje wakubwa wa shambani. Fikiria hiyo picha. Mtoto anatoka kwa yai, anatafuta shimo la nyenje, anamla mwenye nyumba, halafu anahamia. Chakula na makao kwa mpigo mmoja, bila deposit ya landilodi.

Menyu yake iliyobaki ni ya aina hiyo hiyo. Panzi. Mbawakawa. Viwavi. Akikua anaongeza jongoo, konokono na nge. Wanyama wenye mifupa ni wachache sana kwenye tumbo lake. Pengine chura, pengine mayai aliyoyafukua. Panya mnono mweupe aliyefugwa maabara? Hajawahi kumwona babu yake wala babu wa babu yake.

Watu wanachanganya. Wanaona jina "kenge" wanafikiria joka la Komodo, lile la Indonesia linaloangusha kulungu. Wote ni ukoo mmoja, ni kweli. Lakini hata chui na paka wa jikoni kwenu ni ukoo mmoja, na hujawahi kumpa paka wako swara.

Wacha nikueleze kwa nini panya wanamuua, kwa sababu watu wengi mtandaoni wanasema tu "ni mbaya" halafu wanaishia hapo.

Huko savana kuna misimu miwili. Mvua ikinyesha wadudu wanajaa, na kenge anakula kama mtu aliyealikwa harusi ya bure. Anatembea, anachimba, anakula, anajaza mafuta tumboni. Ana mafungu maalum ya mafuta ndani ya tumbo, kama akaunti ya akiba. Kisha kiangazi kinaingia, wadudu wanapotea, na yeye anakaa juu ya mti au ndani ya shimo kwa miezi, akitoa kidogo kidogo kwenye ile akiba. Mwili wake umeundwa kwa mpango huo: weka, kisha toa.

Ndani ya sanduku la kioo huko Dallas, kiangazi hakifiki. Ni kuweka tu. Kila siku panya, kila siku mafuta, na hakuna hata hatua 100 za kutembea. Akiba ikijaa, mafuta yanaanza kuvamia ini. Ini likishindwa, mnyama anazubaa, anaacha kula, anakufa, na mwenyewe anashangaa, "Lakini alikuwa anakula vizuri!" Manze, hapo ndipo penyewe. Kenge mchanga hatakuambia ameshiba. Kwao kukataa chakula msimu wa mvua ni ujinga, kwa hivyo atakula kila kitu utakachomrushia. Hamu yake si kipimo cha afya.

Kwa hivyo, wadudu. Na si wadudu wa aina moja.

Nyenje ndio ugali wa hapa, chakula cha kila siku. Mende wanaofugwa, hasa wale wa Amerika Kusini wanaoitwa dubia, wana nyama nzuri na hawapigi kelele usiku, ingawa ukiwa Florida sheria ya huko hairuhusu dubia. Panzi ukiwapata, sawa. Nyungunyungu, sawa. Konokono ni wazuri sana kwa sababu ya gamba lenye chokaa, lakini nunua waliofugwa kwa chakula, na usithubutu kutafuta konokono wale wakubwa wa Afrika ukiwa Marekani, ni marufuku kuwaweka. Wale funza wa kukaanga, sijui kama ushawaona, wa rangi ya dhahabu, wanaouzwa kwa vijisanduku: hao wape kidogo, wana mafuta na ngozi ngumu.

Halafu kuna funza wa BSF. Hawa wewe wa Nairobi unawajua. Kuna jirani yangu anawafuga nyuma ya nyumba, anawalisha takataka za soko, anawauzia wenye kuku. Huko Marekani funza hao hao wanauzwa kwa kikombe kidogo kama dawa ya bei ghali, na sababu ni moja: wana kalsiamu nyingi kwa asili yao, kitu ambacho wadudu wengi hawana. Nilipomwambia jirani, aliuliza kama naweza kumtafutia soko Texas.

Hapo kwa kalsiamu tukae kidogo, maana watoto wengi wa kenge wanaharibikia hapo.

Nyenje ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Mnyama anayekua anahitaji kinyume chake, kalsiamu izidi, karibu sehemu mbili kwa moja. Ukimlisha nyenje watupu kila siku, mwili unaona kalsiamu haitoshi kwenye damu, basi unaenda kuikopa kwenye mifupa. Mifupa inalainika. Utaona taya limekuwa kama mpira, miguu imepinda, vidole vinatetemeka. Sisi tungesema ana matege. Matege ya mtoto wa binadamu unayaona ukimpeleka kliniki. Ya kenge hakuna mtu anayeyaangalia hadi siku anaposhindwa kusimama.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, wadudu wenyewe washibe kabla hawajaliwa. Siku moja au mbili kabla, wape mboga: sukuma wiki, karoti, boga. Nyenje aliyekaa na njaa dukani wiki nzima ni ganda tupu, ni kama kununua mandazi yenye hewa. Pili, watie kwenye mfuko wa plastiki na unga wa kalsiamu kidogo, tikisa, kisha mpe. Kwa mtoto anayekua, fanya hivyo karibu kila mlo. Unga wenye vitamini nyingi unatosha mara moja kwa wiki, kwa sababu vitamini zingine zikizidi zinakuwa sumu. Tatu, taa ya UVB. Bila huo mwanga, au vitamini D3 kutoka kwa unga, kalsiamu inapita tu kama abiria asiyelipa nauli. Na taa hizo zinachoka kabla hazijazimika; mng'ao unaouona unaweza kubaki hata baada ya miale inayohitajika kuisha, kwa hivyo fuata muda wa kubadilisha ulioandikwa kwa boksi.

Kuna kitu kingine ambacho hakionekani kama chakula lakini ni chakula. Joto. Kenge hana moto wake mwenyewe tumboni, anaukopa kutoka kwa jua. Jiwe lake la kuotea linatakiwa lifike nyuzi 45 hadi 60 za Selsiasi, ndiyo, joto la kukuchoma wewe, na upande mwingine wa sanduku ubaki baridi, kama nyuzi 25 hivi, ili achague. Akikosa joto, chakula kinakaa tumboni na kuoza. Binamu yangu alikuwa na balbu moja ya kawaida na jiwe la nyuzi 33. Panya watatu ndani ya tumbo la nyuzi 33! Pima juu ya jiwe kwenyewe, si hewa, na upime kwa kipimajoto cha kuelekeza, si kile cha kubandika ukutani.

Na maji. Mheshimiwa alikuwa anawekewa maji kwenye kifuniko cha chupa na analala juu ya magazeti makavu. Mnyama huyu kwao anaingia ardhini, ndani ya udongo wenye unyevu. Ukimkausha huku unamlisha protini nyingi, figo zinalemewa na asidi ya yuriki, na anapata jongo. Ule ugonjwa wa wazee wa nyama choma, ndio huo huo. Mwekee beseni anayoweza kuingia mwili mzima, na udongo mzito wenye unyevu wa kutosha kuchimba shimo lisiloporomoka. Kuchimba pia ndiyo mazoezi yake. Sanduku dogo linamnenepesha hata kama chakula ni sahihi, na mtu mzima wa hawa anakaribia mita moja, kwa hivyo anza kuwaza nafasi mapema.

Kipimo je? Mtoto wa miezi ya kwanza anakula kila siku. Mdudu asizidi upana wa kati ya macho yake, hadi akomae kidogo. Mpe wachache wachache, waachilie wakimbie ili awafukuze, na akipoteza hamu ondoa waliobaki, kwa sababu nyenje mwenye njaa humtafuna kenge aliyelala. Anavyokua unapunguza siku, hadi mara chache kwa wiki akiwa mzima. Mpime uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni na uandike. Mtu anayesema "namwona tu yuko sawa" haoni kitu, maana unene wa kenge unaingia polepole, na unamwona kila siku.

Panya si sumu, tusivuke mpaka. Panya mdogo mara moja moja hawezi kumuua. Tatizo ni kumfanya chakula cha kila siku. Yai nalo mara moja moja, lakini ute mbichi ukizidi unafunga vitamini iitwayo biotini mwilini, kwa hivyo usimfanye mteja wa mayai. Nyama ya kusaga peke yake haina mifupa, haina kalsiamu, haina maana. Chakula cha mbwa ni cha mbwa. Soseji, smokie, mkate na ugali, hivyo sitaki hata kuvijadili, ingawa binamu yangu alikiri kwamba hot dog ilishapita hapo.

Usimwokotee wadudu wa nje pia, hasa mjini. Huwezi kujua nani amepuliza dawa kwenye nyasi. Na vimulimuli, wale wadudu wa kuwaka usiku, wa Marekani wana sumu inayoweza kumuua mjusi kwa kiasi kidogo tu. Texas kuna vimulimuli. Mtoto wa jirani mwenye roho nzuri anaweza kukuletea zawadi kwa chupa ukajuta.

Gharama ndiyo hoja ambayo watu hunirudishia. "Msee, nyenje 50 kwa siku, nitatoa wapi?" Hoja ni ya kweli. Panya mmoja ni rahisi kuliko nyenje 50, na nusu ya panya wote wanaolishwa kenge, nadhani, wanalishwa kwa uvivu na bajeti. Suluhisho ni kufuga wadudu mwenyewe. Huku kwetu watafiti wa chuo kikuu kule Bondo wamekuwa wakifuga nyenje kwa ajili ya chakula cha binadamu, na wafugaji wadogo wanafanya hivyo kwa ndoo na trei za mayai. Trei za mayai, boksi la plastiki lenye matundu ya wavu, joto, maji kwenye pamba iliyolowa wasizame, mabaki ya mboga. Ni hivyo tu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na nimeyaelewa, kwa hivyo usiniambie inahitaji digrii.

Daktari pia. Si kila daktari wa wanyama anajua watambaao, tafuta anayewajua. Kenge wengi hawa wametoka porini au kwa mayai ya porini, na wanakuja na minyoo. Peleka kinyesi kipimwe mwanzoni kabisa, kabla hujasema "anakula lakini hanenepi". Na wewe unawe mikono kwa sabuni kila ukimshika, wanabeba salmonela bila kuugua.

Mheshimiwa alipopelekwa kwa daktari alikuwa mzito kupita kiasi na taya lake lilikuwa limeanza kulegea. Daktari hakumpa binamu yangu matumaini ya bure. Alimwambia ini lililovamiwa na mafuta halisemi litarudi au halitarudi. Panya walikatwa. Jiwe likapashwa moto. Udongo ukaingizwa, magunia mangapi sijui, na roommate akatishia kuhama. Kwa wiki ya kwanza Mheshimiwa aliwaangalia nyenje kama mbunge anayeangalia githeri. Wiki ya pili akamkimbiza mmoja. Sasa amepungua, anachimba kila siku, na taya limekaza kiasi. Lile ini bado linafuatiliwa kwa vipimo.

Na wewe uliye hapa, ukimpata mtoto wa kenge kwa mtaro au kwa shamba lenu? Usimchukue, usimpige, na usimtafutie nyenje. Huyo anajua kujilisha kukuliko. Ukiona ameumia, piga simu KWS, mfunike na kreti mahali penye kivuli usubiri. Na tafadhali, usimpe maziwa.